Upele wa mti na uyoga wa kichuguuni: eti ni ukoo mmoja?

#1 MrinaAsali (Sikonge)

Wakuu salaam. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu juzi.

Nilikuwa porini na baba kukagua mizinga. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Chini ya mti mmoja mkubwa wa mtundu pana kichuguu, na ubavuni mwake uyoga ulikuwa umepasua udongo usiku ule ule, kofia zimefunguka, mmoja ungefunika sinia. Juu yake, kwenye gome la mtundu huo huo, kuna yale magamba ya kijivu yenye kingo zilizokunjamana, ambayo sisi huku tunayaita upele wa mti. Baba anasema alipopandisha mzinga wa kwanza pale aliukuta upele tayari upo, na mimi nilikuwa sijazaliwa. Nina miaka 31. Huo uyoga keshokutwa umeoza, una funza.

Sasa afisa misitu mmoja aliyepita kijijini alituambia vyote viwili ni kuvu. Baba amekataa katakata. Anasema kitu cha miaka thelathini na kitu cha siku tatu haviwezi kuwa ndugu, tena kimoja kinaliwa na kingine hajamwona mtu akikila.

Naomba msaada kwa mawili. Ni ndugu au si ndugu? Na huo upele unaunyonya mti? Nilitaka kuukwangua wote kabla mtundu haujafa, baba akaninyang'anya panga.

#2 KijanaWaKibondo

Kwanza tuambie huo uyoga wa sinia zima ulienda wapi, maana huku Kibondo ugali ungekuwa umeshasongwa kabla hujamaliza kusimulia.

Kwenye mada, niko na mzee. Huo upele ni mmea. Mvua ikinyesha unageuka kijani, nimeuona kwa macho yangu. Uyoga hata ukilowa wiki nzima hauwi kijani. Kitu cha kijani kinajipikia chakula kwa jua, uyoga hauna uwezo huo. Hapo undugu umetoka wapi?

#3 Mwalimu wa Baiolojia (Kasulu)

Kijana umeona vizuri ila umekata kauli mapema. Ni kweli kuna kijani ndani ya yale magamba, lakini si chake.

Neno la kamusi ni kuvumwani. Litenganisheni wenyewe: kuvu na mwani. Ni viumbe wawili wanaoishi katika mwili mmoja. Kuvu inajenga nyumba, yaani ngozi ya juu, nyuzi za ndani na vijishikizo vya kushika gome. Ndani ya nyumba hiyo wamo mwani wadogo wasioonekana kwa macho, mmoja mmoja ni kachembe tu, nao ndio wanaopika sukari kwa mwanga wa jua. Kuvu inakula sukari hiyo. Kwa hiyo afisa wenu hakukosea, kwa sababu mwenye umbo na mwenye jina hapo ni kuvu.

Jambo hili limewahi kugombaniwa na wakubwa. Simon Schwendener, Mswisi, alilitangaza mwaka 1867, na wataalamu wa kuvumwani wa wakati wake wakamcheka. Walikuwa wamezoea kuihesabu kama mmea mmoja uliokamilika, kama anavyosema Kijana. Miaka mingi ikapita kabla hawajakubali.

Kuhusu kunyonya mti, hapana. Gome ni kiti tu. Hayana mizizi ya kuingia kwenye maji ya mti. Baba yako alifanya vema kuchukua panga.

#4 BwanaShambaMstaafu (Nzega)

Naunga mkono #3 kuhusu mti, ila niongeze kitu kinachowapoteza wakulima wengi. Nimekaa na wakulima wa miembe miaka mingi. Mtu anaona mwembe umejaa upele, matawi yanakauka, anasema upele umeua mwembe. Mara nyingi ni kinyume. Mwembe ulishaanza kudhoofika kwa sababu nyingine, majani yakapungua, mwanga ukafika kwenye matawi, na upele unapenda mwanga, kwa hiyo ukanenepa. Ukiukwangua unaondoa shahidi, mgonjwa anabaki vile vile.

#5 KijanaWaKibondo

Mwalimu, heshima kwako. Lakini nyumba yenye watu wawili huiiti kwa jina la mpangaji mmoja. Kama mpishi ni mwani na mlaji ni kuvu, kwa nini tuseme ni kuvu? Tungeita mwani wenye koti.

#6 MamaUyoga (Urambo)

Hodi humu ndani. Mimi nauza uyoga barabarani kila masika, mbichi kwa ndoo na mkavu kwa kisado. Vitabu sina, ila uyoga naujua.

Mwanangu MrinaAsali, uyoga wa kichuguuni hauko peke yake na wenyewe. Ukiuchimba taratibu bila kuuvuta, utakuta shina halikomei pale chini ya udongo. Linaendelea kama mzizi, jembamba, linashuka mkono mzima au zaidi, mpaka unafika kwenye vyumba vya mchwa. Mle utaona vitu kama sega la nyuki, ila vya rangi ya udongo, vyepesi, vina vitobo. Huo uyoga unaota kwenye sega hilo. Sega wamelitengeneza mchwa. Mama yangu alinifundisha kuchimba hivi kabla ya kuchuma mahali pageni: usipouona mzizi, usiuite uyoga wa kichuguu hata kama umesimama juu ya kichuguu.

Kwa hiyo hata huu nao una mwenzake.

#7 Mwalimu wa Baiolojia

Mama, umesema jambo kubwa, tena kwa mikono iliyochimba.

Wataalamu wanaiita jamii hiyo Termitomyces. Mchwa wanabeba majani makavu na vijiti, wanavitafuna, vinapita tumboni, wanavijenga kuwa lile sega. Kuvu inalilainisha, na mchwa wanakula sega lililolainika pamoja na vile vidonge vyeupe vya kuvu vinavyoota juu yake. Ushirika huu una umri wa takriban miaka milioni 30. Ndiyo maana hadi leo hakuna aliyefanikiwa kuulima uyoga wa kichuguu kibiashara kama tunavyolima uyoga mamama kwenye mifuko ya mabua na pumba. Mamama anakula mabua yaliyokufa, hamhitaji mtu. Wa kichuguu anamtaka mchwa.

Mmoja wa jamii hiyo, Termitomyces titanicus, ulielezwa kitaalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, na kofia yake hufika karibu mita moja. MrinaAsali hajatia chumvi kwenye sinia.

#8 BintiUjiji

Nimesoma mpaka #7 nikaona niache kusoma, nikatoka nje. Nyumbani tuna mwembe wa zamani na shina lake lote lina magamba hayo. Leo jua kali, yamekauka, ukiyagusa yanakatika kama karatasi iliyoungua.

Nimechota kopo la maji nikayamwagia polepole. Wakuu, sijahesabu hata dakika. Yale ya kijivu yamegeuka kijani mbele yangu, kijani cha matembele, na kingo zilizokunjamana zimelala. Yaliyokuwa nusu ndani ya maji nusu nje yalikuwa na mstari kabisa, huku kijivu, huku kijani.

Halafu nikakwangua moja kidogo kwa ukucha, yaani kidogo tu, MrinaAsali usimwambie baba. Juu kuna ngozi nyembamba. Chini yake kamstari ka kijani kembamba sana. Chini yake kweupe kama pamba ya mto. Upande wa nyuma ni mweusi, una vinyweleo vinavyoshika gome.

Nikaenda sokoni nikanunua uyoga, nikaupasua katikati. Mweupe mwanzo hadi mwisho. Hakuna kijani popote. Wenyewe tukaukaanga kwa mawese na kitunguu, ugali wa muhogo pembeni.

#9 MpandaTreni (zamani Tabora, sasa Dar)

BintiUjiji, mawese hayo yamenirudisha nyumbani mchana wa kazi.

Swali dogo: kwa nini yanageuka kijani haraka hivyo? Mmea uliokauka ukiumwagia maji unasubiri siku nzima, na mwingine haurudi tena.

#10 Mwalimu wa Baiolojia

Kwa sababu kijani kilikuwepo muda wote. Ngozi ya juu ikiwa kavu inaziba, kama kioo chenye ukungu. Ikilowa inapitisha mwanga na unauona mwani ulio chini. Na mwili mzima unanyonya maji kama sifongo, hausubiri mizizi.

Ukikauka tena unalala. Haufi. Mwaka 2005 aina mbili zilipelekwa nje ya dunia kwa chombo cha anga, zikaachwa wazi zaidi ya wiki mbili kasoro, hakuna hewa, mionzi ya jua inawapiga moja kwa moja. Ziliporudi zikaloweshwa, zikaendelea kupika sukari. Mzee wa Sikonge anashangaa miaka thelathini, na ana haki ya kushangaa.

#11 BwanaShambaMstaafu

Sahihisho la upendo kwa #10: "zaidi ya wiki mbili kasoro" ni nini mwalimu? Safari ile ilikuwa kama siku 15.

#12 Mwalimu wa Baiolojia

Sawa mzee wangu, siku 15. Asante.

#13 KijanaWaKibondo

Sasa nimeanza kuona picha, ila picha yangu inazidi kutofautisha kuliko kuunganisha. Kwenye magamba, kuvu ndiyo mkulima na mwani ndio shamba. Kwenye kichuguu, mchwa ndio mkulima na kuvu ndiyo shamba. Mmoja analima, mwingine analimwa. Utasemaje wana hali moja?

#14 MamaUyoga

Hata kwenye ukoo mmoja, kaka analima na mdogo wake anaajiriwa kulima shamba la mtu. Bado mama yao ni mmoja.

#15 MtembeziWaMahale

Wapo wanaokataa hata neno mkulima. Niliwahi kusaidia kubeba vifaa vya wanafunzi wa utafiti kule milimani, na jioni walikuwa wakibishana jambo hili hili. Mmoja akasema hilo si shamba, ni gereza. Hoja yake: ukimtoa mwani nje ya magamba, aina nyingi zinaweza kuishi zenyewe kwenye unyevu. Ukiitoa kuvu peke yake, haijengi tena umbo lile na porini huioni ikiishi hivyo. Sasa nani anamhitaji nani? Mwenzake akamjibu kuwa mwani akiwa peke yake juu ya jiwe la jua kali anakaangika siku ya kwanza, kwa hiyo hilo si gereza, ni kivuli. Wakalala bila kukubaliana. Mimi nilielemea upande wa kivuli, maana nilikuwa nimebeba mzigo juani siku nzima na najua thamani yake.

#16 MgeniWaLindi

Jamani, huku pwani kuvumwani si jambo geni. Wazee walikuwa na neno malele, ile inayoota kwenye miti na vichaka vya karibu na bahari, ya kijivu, inaning'inia kama nyuzi. Karne ya kumi na tisa ilikuwa biashara kubwa hapa pwani, ilikusanywa na kupakiwa majahazini kwenda Ulaya kutengenezea rangi ya zambarau ya vitambaa. Na ile karatasi ya shuleni ya kupima tindikali, inayogeuka nyekundu kwenye ndimu na buluu kwenye magadi, rangi yake ya asili inatoka kwenye jamii hiyo hiyo.

Kwa hiyo mzee anayesema hajamwona mtu akila upele, mwambieni uliwahi kulipa kodi za watu.

#17 MrinaAsali

Mgeni wa Lindi karibu sana. Nimemsomea baba posti yako. Amekaa kimya kidogo, akauliza: huo wa kwetu nao unatoa rangi?

#18 MgeniWaLindi

Si kila aina mkuu. Ile ya pwani ni aina yake, na hata hiyo haitoi rangi kwa kuchemsha tu, inalowekwa siku nyingi kwenye mkojo uliochacha au kitu chenye ukali kama huo, ikiwa inapata hewa, ndipo zambarau inatoka.

#19 DukaLaViungo (Tabora mjini)

Na kuhusu kuliwa, mzee wa Sikonge hajakosea kwa kwetu, lakini dunia ni pana. Wateja wangu wenye asili ya India wananunua kiungo kinachoitwa dagad phool. Kikikaushwa kina weusi upande mmoja na weupe upande mwingine, chepesi kama manyoya, kinanukia udongo uliolowa. Wanakikaanga kwenye mafuta kabla ya nyama. Hicho ni kuvumwani, miongoni mwa jamii ya haya magamba mapana ya miti.

Ila naomba mtu asiende kukwangua mwembe akatia kwenye pilau. Kuna aina ya njano ya nchi za baridi, Letharia vulpina, watu walikuwa wakiitega na nyama kuua mbwa mwitu.

#20 MamaUyoga

Hapo hapo. Nilitaka tufike hapo.

Watu wanasema uyoga unaliwa, upele hauliwi, kwa hiyo si ndugu. Uyoga gani unaliwa? Kuna mweupe wa porini chini ya mitundu, mnene, tunauza na watu wanashukuru. Kuna mwingine mweupe unafanana nao kama pacha na unaua nyumba nzima. Hao ni ndugu wa karibu kuliko upele.

Nimewahi kuona kwa jirani. Watoto waliokota uyoga mweupe kwenye nyasi za uwanja wa mpira, mkubwa, mzuri, bibi akapika. Haikufika saa tatu tangu wale, wote walikuwa wanatapika na kuhara. Walipona, Mungu mkubwa. Mmoja uliobaki niliuweka kofia chini juu ya karatasi nyeupe, nikaufunika bakuli mpaka asubuhi. Vumbi lililodondoka lilikuwa la kijani, kijani cha ukoga wa mtungi. Wa kichuguu ukifanya hivyo vumbi lake ni la waridi iliyopauka. Tangu siku ile sipokei uyoga wa kuletewa na watoto.

Na msiniambie mambo ya kutia kitunguu kwenye sufuria kuona kama kinageuka rangi, wala eti kama funza wamekula basi ni salama. Funza si mtu.

#21 Mwalimu wa Baiolojia

Naweka mkazo kwa #20, tafadhali msomeni mara mbili. Ule wa uwanjani unaelekea kuwa Chlorophyllum molybdites, ndio uliozoeleka kuwa na vumbi la kijani. Unatesa haraka na kwa kawaida mtu anapona. Wa kuogopwa zaidi ni ule unaochelewa. Jamii ya Amanita inayo aina ambazo mtu anakula, analala salama, na tumbo linaanza baada ya saa sita au hata kumi na mbili. Halafu anapata nafuu, anadhani yamekwisha, kumbe ini linaharibika. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Akichelewa kuumwa, ndiyo sababu ya kukimbia hospitali, na kama uyoga umebaki mwende nao.

Na katika jamii hiyo hiyo ya Amanita kuna inayoliwa, mojawapo imepewa jina la nchi yetu, Amanita tanzanica. Kwa hiyo hoja ya mzee ya kinacholiwa na kisicholiwa haiwezi kupima ukoo.

#22 KijanaWaKibondo

Mama na Mwalimu, hapo nimenyoosha mikono. Hoja ya kuliwa nimeiweka chini. Ya kijani bado ninayo.

#23 MpandaTreni

Mimi nina kisa cha muda, kwa sababu mzee alianzia hapo.

Babu yangu alizikwa nje kidogo ya Tabora mwaka 1974. Kaburi lilisakafiwa kwa saruji mwaka ule ule, tarehe imechorwa kwa msumari kabla saruji haijakauka. Nilipoenda likizo nilikuta madoa ya mviringo, mengine ya kijivu, mengine rangi ya machungwa iliyokolea, yamebana kwenye saruji kama yamepakwa rangi. Huwezi kuyabandua kwa ukucha. Doa kubwa kuliko yote nililipima kwa nilichokuwa nacho mfukoni, kifuniko cha soda. Lilikuwa sawasawa nacho. Tuseme milimita 30 kwa miaka 50. Nusu milimita kwa mwaka na kidogo.

Uyoga unafikia kimo chake kwa siku mbili. Hii ndiyo inanishinda, ukoo gani una watoto wa hivi?

#24 BwanaShambaMstaafu

Umefanya hesabu ambayo ina wenyewe. Roland Beschel, wa Austria, mwaka 1950 alianza kutumia njia hiyo kukadiria umri wa mawe yaliyoachwa na barafu ya milimani ilipoyeyuka: anapima doa kubwa kwenye kaburi au ukuta wenye tarehe, anapata kasi ya mahali pale, halafu anapima doa la kwenye jiwe lisilo na tarehe.

Lakini usiseme miaka 50 kamili. Saruji mpya ni kali, doa halianzi siku ya mazishi. Na usiichukue kasi ya kaburini ukaipeleka kwenye mtundu wa Sikonge. Yale ya kubana kama rangi yanakwenda taratibu sana. Yale ya kama majani, yenye kingo zilizoinuka, huenda milimita kadhaa kwa mwaka.

#25 MtembeziWaMahale

Kwa swali la MpandaTreni, mnalinganisha vitu visivyolingana. Uyoga si mwili wa kuvu, ni tunda. Mwili wenyewe ni zile nyuzi nyeupe zilizo kwenye sega la mchwa, au zilizofunga mizizi ya mtundu, na hizo zipo mwaka mzima, miaka na miaka. Kichuguu kikikaa miaka hamsini, kuvu inaweza kuwa imekaa nacho. Embe likioza siku ya tatu husemi mwembe unaishi siku tatu. Magamba nayo yana matunda yake, vile visahani vidogo vya kahawia juu yake. Linganisha kisahani na kofia, nyuzi na nyuzi.

#26 MrinaAsali

#25 nimeisoma kwa sauti. Baba amesema: "Huyo kijana ameeleza." Kwa baba hiyo ni sifa kubwa.

#27 BaniNambaMbili (Kaliua)

Samahani natoka pembeni kidogo. Mimi nalima tumbaku. Miti iliyobaki karibu na mabani yetu, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni, haina upele kabisa, gome ni kavu na jeusi. Ukienda mwendo wa saa moja porini, upele umejaa. Nimesikia kuvumwani haipendi moshi. Ni kweli?

#28 Mwalimu wa Baiolojia

Kinachojulikana sana ni gesi ya salfa inayotoka kwenye viwanda na makaa ya mawe. Ngozi ya kuvumwani haichuji, inanyonya kila kinachokuja na maji ya mvua, kwa hiyo penye hewa chafu ya namna hiyo aina nyingi zinatoweka. Zile za kuning'inia kama ndevu ndizo dhaifu zaidi.

#29 BwanaShambaMstaafu

Moshi wa kuni hauna salfa nyingi kama wa makaa ya mawe. Mimi naona sababu ni nyingine. Penye bani miti imekatwa, hewa imekuwa kavu, upepo unapita, na iliyobaki ni michanga. Gome la mti mchanga halijapata muda.

#30 BaniNambaMbili

Mzee, miwili kati yake ni minene kunizidi, haikukatwa tangu baba yangu. Nayo haina.

#31 MamaUyoga

Sijui ya moshi. Ila nitawaambia kilichotokea kwenye uyoga mahali hapo hapo, maana Kaliua naijua. Zamani ule wa njano, ule mdogo wenye harufu ya tunda na mikunjo inayoshuka kwenye shina, tulikuwa tunajaza vikapu chini ya mitundu na miuba. Mitundu ilipokatwa ya kukaushia tumbaku, mwaka uliofuata tukapata kidogo, halafu ukakata kabisa. Lakini wa kichuguuni unatoka mpaka leo, katikati ya shamba lililo wazi. Miaka mingi nilijiuliza kwa nini mmoja uliondoka na mwingine ukabaki.

#32 Mwalimu wa Baiolojia

Mama, ule wa njano, jamii ya Cantharellus, nyuzi zake zimefunga mizizi ya mtundu. Zinaupa mti maji na madini, mti unazipa sukari. Ukikata mti umekata chakula. Wa kichuguu rafiki yake ni mchwa, na mchwa anakula hata mabua ya shambani.

#33 KijanaWaKibondo

Kumbe kila mmoja ana mtu wake. Magamba na mwani, wa njano na mtundu, wa kichuguu na mchwa. Na mamama?

#34 MamaUyoga

Mamama mtu wake ni mimi, nina mifuko 40 chumbani.

#35 MtembeziWaMahale

Niwachanganye zaidi. Wale wanafunzi walisema hata hesabu ya wawili ina mgogoro. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walitangaza kuwa kwenye ngozi ya kuvumwani nyingi kuna kuvu ya pili, aina ya hamira, na hamira hiyo inatoka upande wa ukoo wa uyoga. Yaani ndani ya upele mmoja kuna binamu wa uyoga amejificha. Baadaye wengine wakapima kuvumwani nyingi, wakaikuta kwenye chache tu, wakasema huenda ni mpita njia.

#36 Mwalimu wa Baiolojia

Ndiyo, na hapo swali la MrinaAsali linapata uzito. Ukoo wa kuvu una milango mikubwa miwili. Mmoja unaweka mbegu zake ndani ya vifuko, mwingine unazibeba juu ya virungu vidogo. Kuvu ya kwenye kuvumwani karibu zote ni za vifuko. Uyoga wenye kofia na matamvua, ile mikunjo ya chini ya kofia, ni wa virungu. Kwa hiyo ningesema ni ukoo mmoja, lakini si tumbo moja. Na wote, kwa nasaba, wako karibu na wanyama kuliko mimea. Kuta za seli zao zina kitu kile kile kinachofanya gamba la mende liwe gumu.

Isipokuwa sasa kuna kiumbe kimoja cha nchi za baridi, Lichenomphalia umbellifera. Ni uyoga kamili, kofia ndogo ya njano iliyopauka, matamvua, shina. Chini ya shina, kwenye gogo bovu, kuna vipunje vya kijani, na ndani ya vipunje mna mwani uliofungwa na nyuzi zake. Ni uyoga ambao ni kuvumwani. Kijana, huo utauweka upande gani?

#37 KijanaWaKibondo

Nipe siku mbili mwalimu.

#38 BintiUjiji

Na mimi nimerudi kwenye mwembe. Yale niliyomwagia yamekauka, yamerudi kijivu, kingo zimeinuka tena. Nilipokwangua panaonekana alama nyeupe. Nitaangalia kama patafunga.

#39 MrinaAsali

Asanteni wote. Leo tumerudi na baba pale mtunduni, tukiwa na dumu la maji. Alimwaga mwenyewe. Lilipogeuka kijani aliinama akalitazama karibu mpaka kofia yake ikagusa gome, akalikuna kwa ukucha kidogo, akaona ule mstari. Hajakubali kuwa ni ukoo mmoja. Anasema mwani ameuona, mchwa anawajua, ila hiyo kuvu ya katikati hajaonyeshwa bado.

Kisha akatoa ile rangi nyekundu anayoandikia namba za mizinga, akachora mstari mwembamba kwenye gome kuzunguka gamba moja kubwa, pembezoni kabisa, bila kuligusa. Akaandika mwezi na mwaka pembeni. Masika ijayo tutapeleka rula.

#40 MamaUyoga

Na kichuguu?

#41 MrinaAsali

Tumechimba mama, taratibu kama ulivyosema. Mzizi tumeukuta, umeshuka kunipita kiwiko. Hatukufika kwenye sega, baba alisema tuwaachie mchwa nyumba yao.